Masalia ya Mbao Yakipata Bei

MKEREZAJI: Kila seremala wa Kahama, Shinyanga na Geita anayetengeneza vitanda na milango ya mninga ana rundo nyuma ya karakana yake. Vipande vya shubiri moja, shubiri na nusu, ambavyo havitoshi hata mguu wa kigoda. Jioni vinaingia kwenye jiko la chipsi. Mti uliokua miaka mingi kuliko umri wangu, ukakatwa Bukombe au Tabora, ukasafirishwa kwa hati, ukapasuliwa, mwisho wake unakaanga viazi. Mimi navichukua vipande hivyo, navikata kwa pembe, naviunga kwa gundi viwe pete, napanga pete juu ya pete, nafunga kazi kwenye mashine naikereza mpaka linatoka bakuli au mtungi. Mninga wa kahawia, mkurungu mwekundu, msonobari mweupe, na mpingo kama mstari mwembamba wa kutenganisha rangi. Hakuna mti ulioanguka kwa ajili yangu. Ndiyo maana simwelewi anayesema kazi hii inaharibu.

MCHONGAJI: Mimi sikusema inaharibu, kijana. Nimesema unachotengeneza si chombo. Chombo hutoka katika mti mmoja. Kinu ni mti mmoja, kigoda ni mti mmoja, ngoma ni mti mmoja. Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, uziangalie ngoma za watemi. Kila moja ni gogo lililochimbwa ndani. Fundi aliutazama mti ungali umesimama, akajua tumbo la ngoma litakaa wapi na fundo litaepukwa vipi. Wewe mti huujui, unajua vipande.

MKEREZAJI: Kipande nacho kinataka kujulikana, mzee. Pete ya vipande 12 ina ncha 24, na kila ncha inakatwa kwa digrii 15. Ukikosea nusu digrii tu kila ncha, unapofika mwisho pengo ni digrii 12, na hakuna gundi duniani itakayoliziba. Ndiyo maana naunga nusu pete mbili kwanza, nazisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya ubao mnyoofu, ndipo nazikutanisha. Halafu kuna jambo ambalo gogo zima haliwezi. Bakuli lililochimbwa kwenye gogo bichi likikauka linakuwa na umbo la yai, kwa sababu mbao husinyaa kwa upana, tena zaidi kwa kufuata mzingo wa mti kuliko kuelekea kiini, ilhali kwa urefu haisinyai kiasi cha kuonekana. Mimi nyuzi za kila kipande nimezilaza zifuate mzingo wa pete. Kiangazi cha Shinyanga kikija na upepo wake mkavu, pete inaweza kupungua unene, lakini inabaki duara.

MCHONGAJI: Na kitako? Kitako umeweka kisahani cha mbao nzima, nyuzi zake zote zinakwenda upande mmoja. Masika kinatanuka, kiangazi kinajikusanya, na pete iliyokizunguka imekaa palepale haisogei. Kimoja lazima kipasuke.

MKEREZAJI: Kitapasuka kikiunganishwa kwa gundi. Mimi nakichongea mfereji kikae ndani yake bila gundi, kipumue.

MCHONGAJI: Basi hilo bakuli halishiki maziwa. Wala mchuzi. Wala ugali wa moto, maana gundi nyeupe ya maji ikikutana na mvuke kila siku na kuoshwa kila siku, inaachia. Mpingo ndio mbaya zaidi, una mafuta, gundi haiukamati mpaka uupanguse kwa spiriti, na hata hapo unaomba Mungu. Umetengeneza bakuli ambalo mke wako hawezi kupakulia. Litakaa juu ya kabati lipigwe picha.

MKEREZAJI: Litakaa juu ya kabati la mtu aliyelilipia, na fedha hiyo itapakuliwa nyumbani kwangu. Mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021, vijana wa Kahama hawakuambiwa wakachonge vinu. Kinu chenyewe kinazidi kukosa mnunuzi, mashine ya kusaga iko kila mtaa. Chombo cha kutazamwa nacho ni chombo. Kiti cha enzi cha Lamu na Zanzibar kilitengenezwa kwa mpingo mweusi uliopachikwa vipande vyeupe vya pembe na mfupa, mgeni wa heshima akakalishwa hapo. Watu wa pwani hawakuona aibu kuunga cheusi na cheupe.

MCHONGAJI: Cheusi na cheupe viko ndani ya mpingo mmoja, hakuna haja ya kuviunga. Ganda la ndani ni jeupe linaloelekea njano, moyo ni mweusi wenye zambarau kwa mbali. Mmakonde anauacha weupe ule palepale ulipo, uso unatoka gizani. Rangi imewekwa na mti wenyewe. Wewe unaipanga kama vigae vya bafuni.

MKEREZAJI: Na gogo hilo la Mmakonde, mzee, baada ya kazi limebaki kiasi gani? Kinu chako je? Zaidi ya nusu ya mti iko chini imekuwa vibanzi. Wanaotengeneza klarineti na zumari za Ulaya kwa mpingo wetu, katika gogo zima huambulia chini ya sehemu moja ya kumi. Kila fundi mnayemheshimu anaacha nyuma yake mti mwingi kuliko anaoutumia. Mimi peke yangu ninayeanzia pale wengine wanapoishia, ndiye ninayeulizwa maswali.

MLINZI WA NGITILI: Nami nitakuuliza, kwa sababu ninyi mnabishania gundi na mimi nafikiria mti. Wazee wetu walifagia miti ya nchi hii wakiambiwa wanafukuza mbung'o. Miaka ya 1920 na 1930, Swynnerton na idara yake ya utafiti wa mbung'o pale Shinyanga ya Zamani, misitu ikakatwa na kuchomwa ili ng'ombe wapone nagana. Ikafuata pamba, ikafuata Operesheni Vijiji mwaka 1974, ngitili, maeneo tunayoyatenga kwa malisho ya kiangazi, zikakosa mwenyewe. Serikali ilipoanzisha mradi wa HASHI, wa kuhifadhi ardhi Shinyanga, mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Wanakijiji wakatenga upya maeneo, mifugo ikazuiwa masika ili kiangazi iwe na malisho, visiki vikachipua vyenyewe. Miaka isiyozidi ishirini baadaye zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hakuna aliyepanda sehemu kubwa ya miti ile. Ilirudi kwa sababu watu walikubaliana kuiacha. Dagashida, baraza letu la jadi, ilikaa, faini zikatajwa, sungusungu wakasimamia. Sasa niambie, kijana, makubaliano ya kuuacha mti yanadumu mpaka lini baada ya kipande cha shubiri moja kupata bei?

MKEREZAJI: Baba, mimi sinunui mti. Nanunua masalia.

MLINZI WA NGITILI: Wewe ni mtu wa Kahama, marudio unayajua. Zamani mchimbaji alileta mawe yake mwaloni, mahali pa kuchenjua, yakasagwa kwenye karasha, yakaoshwa, dhahabu ikakamatwa kwa zebaki, na mchanga uliobaki haukuwa na mwenyewe. Yakaja matenki ya sayanidi, ikajulikana kwamba dhahabu iliyobaki ndani ya mchanga ule mara nyingi inazidi ile iliyotoka. Siku hiyohiyo marudio yakapata mwenyewe. Na mwenyewe hakuwa yule aliyeingia shimoni, alikuwa mwenye mwalo. Leo mchimbaji anaondoka na kidonge chake cha dhahabu, mchanga wake anauacha pale. Masalia yakishakuwa na bei si masalia tena. Yatapata mwenyewe, na huyo mwenyewe atataka yawe mengi.

MKEREZAJI: Seremala hawezi kupasua mbao ya mninga vipande vidogo makusudi ili aniuzie mimi. Mbao nzima ina bei kubwa kuliko vipande vyake.

MLINZI WA NGITILI: Mbao ndiyo. Tawi je? Mti uliopinda, ambao leo mvunaji anauacha kwa sababu hautoi mbao ya futi kumi na mbili, je? Mpingo mchanga unene wa mkono wangu, ambao hauna faida kwa seremala wala kwa mchonga vinyago? Kazi yako haihitaji mti mrefu wala mnyoofu, na hicho ndicho kinachonitisha. Kasoro zilizoulinda mti zisikatwe, wewe umeziondolea maana. Na kuna jingine. Umesema vipande vinakwenda kwenye jiko la chipsi. Ukiviokoa, jiko linazimika?

MKEREZAJI: Halizimiki.

MLINZI WA NGITILI: Kesho yake linakula mkaa. Mama lishe aliyekuwa akiokota masalia bure au kwa bei ya kutupa, anakwenda kununua kiroba. Na kiroba kinatoka wapi? Kinatoka kwangu, usiku, kwa baiskeli.

MKEREZAJI: Tupime basi, tusitishane. Bakuli moja halifikishi hata kilo mbili za mbao. Siku nzima ya mkerezaji haifiki kuni za jiko moja kwa saa chache. Huko Geita kila duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, linashikiliwa na matimba tangu mdomoni mpaka chini, na kila siku linaongezwa. Timba moja lina mbao nyingi kuliko kazi yangu ya juma zima. Ukitaka kulinda ngitili, simama njia ya machimboni, simama njia ya mkaa. Mimi ni mdogo mno kukuharibia.

MLINZI WA NGITILI: Ukiwa mdogo mno kuharibu, umekuwa mdogo mno kuokoa vilevile. Ulipoanza ulituambia unaokoa mninga usichomwe. Sasa unatuambia mninga wenyewe ni kilo mbili. Chagua moja. Ama kazi yako ni ndogo na haina haja ya kusifiwa kwamba inahifadhi misitu, ama itakua, ijaze maduka ya Mwanza na Arusha, na hapo swali langu linakungoja palepale.

MSUSI WA MASONZO: Mimi nina swali la karibu zaidi. Yale mapambo ya kwenye mtungi wako, pembetatu nyeusi zinazofuatana, na mstari unaopanda ngazi na kushuka, uliyatoa wapi?

MKEREZAJI: Mayu, hayo ni mapambo ya Kisukuma.

MSUSI WA MASONZO: Ni mapambo ya masonzo, vikapu vyetu vya kusuka. Kuna wanawake waliokaa nayo, jua limewapata na nyasi mikononi. Mzee hapa anasema chombo lazima kiwe kipande kimoja, na hapo simfuati hata kidogo. Isonzo haina kipande kimoja. Inaanzia kitakoni, duara juu ya duara, uzi juu ya uzi, na ukihesabu vibaya chini, pembetatu ya juu haifungi. Inawekewa unga, karanga, mtama, na ikisukwa vizuri inakaza kiasi cha kushika kimiminika. Kwa hiyo kuunga vipande duara juu ya duara hakukuja Shinyanga na mashine yake. Kulikuwepo, ila kulikuwa kazi ya wanawake, na mafundi wa gogo hawakukuhesabu kuwa ufundi.

MCHONGAJI: Sijadharau masonzo, mayu.

MSUSI WA MASONZO: Hukuyadharau, hukuyataja. Ulizunguka Bujora nzima ukaona ngoma tu.

MKEREZAJI: Mayu amenitetea kuliko nilivyojitetea. Na kuna mfano. Kule Arizona, Marekani, alikuwepo mkerezaji aitwaye Ray Allen. Alijulikana kwa mitungi mikubwa ya vipande vya mbao iliyofuata maumbo na mapambo ya vyungu vya wenyeji wa kusini-magharibi mwa nchi ile. Wakerezaji wengi wakamfuata, ikawa mtindo kamili. Pambo la mahali lilitoka kwenye udongo likaingia kwenye mbao, likatazamwa na watu ambao chungu kisingewafikia.

MSUSI WA MASONZO: Na wafinyanzi wa vyungu vile walipata nini?

MKEREZAJI: Hilo sijui kukujibu.

MSUSI WA MASONZO: Basi nitakujibu la kwangu. Isonzo naisuka kwa juma zima na zaidi, nauza gulioni kwa bei ambayo mnunuzi anaishusha tena. Wewe ukipachika pambo lilelile kwenye mninga, mtalii anakulipa mara nyingi ya yangu, kwa sababu chombo chako kinang'aa na ni kizito mkononi. Sikukatazi. Nataka unapokuja kuangalia pambo uje kama mwanafunzi anavyokwenda kwa mwalimu wake, na kitakoni mwa mtungi pawe na jina la aliyekufundisha. Na malipo. Jina peke yake halinunui unga.

MCHONGAJI: Kitako kitajaa majina. La msusi, la seremala, la mwenye ngitili, la mti.

MLINZI WA NGITILI: La mti ndilo ninalolitaka kuliko yote. Kila mbao halali ina njia yake. Kuna kibali cha kuvuna, kuna alama ya nyundo kwenye gogo, kuna hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao ikishakatwa shubiri moja, njia hiyo imefutika. Rundo la seremala ndipo mninga halali na mninga wa wizi wanapokutana wakawa ndugu. Wewe unanunua ndugu hao bila kuuliza baba yao.

MKEREZAJI: Lakini sheria yenyewe imeliona hilo na haikukaza kama unavyotaka. Mpingo na jamii yake yote ya Dalbergia uliingizwa Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES mwaka 2017. Baadaye, mwaka 2019, ikakubaliwa kwamba bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 katika shehena moja hazihitaji kibali cha CITES. Waliokaa kule walijua kwamba fundi mdogo haangamizi msitu.

MLINZI WA NGITILI: Mpingo wako ni mstari. Katika bakuli moja ni gramu chache tu. Kilo 10 kwako ni mamia ya bakuli kwa shehena moja, na kesho yake shehena nyingine. Mlango waliouacha wazi kwa ajili ya fundi mdogo, kazi yako inapita na gari. Na usisahau kwamba mkutano wa mwaka 2022 uliongeza mninga wetu kwenye orodha hiyohiyo. Haukuongezwa kwa sababu ni mwingi.

MKEREZAJI: Tazama Kilwa basi. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilisimamia msitu wao wenyewe, mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, vikauza mpingo kwa bei halali na fedha ikabaki kijijini, kama Sheria ya Misitu ya 2002 inavyoruhusu. Mti wao ulipata bei, na bei ndiyo iliyowapa sababu ya kuulinda. Wewe unasema bei inaua. Kilwa bei ililinda.

MLINZI WA NGITILI: Kilwa bei ilifika mikononi mwa mwenye msitu. Nyundo ilikuwa yake, daftari lake, na aliyetaka gogo alikuja kwake kwanza. Bei yako wewe inaishia kwa seremala. Kijiji cha Bukombe kilichotoa mninga ule hakitasikia kamwe kwamba kipande chake kimeuzwa Arusha kwa fedha ya mbuzi mzima. Sikatai bei. Nakataa bei inayoniruka.

MCHONGAJI: Mnazungumza kana kwamba lazima uwe mpingo na mninga. Rangi nyeusi iko kwenye mjohoro. Umepandwa kila shule na kila boma Shinyanga, unakua upesi, unakatwa kwa kuni. Moyo wake ni mweusi wa kahawia wenye michirizi ya njano. Ganda ni jeupe. Kama anataka weusi na weupe, aupate huko, na ngitili haitaguswa.

MKEREZAJI: Nimeukereza. Ni mgumu, unachomoka vibanzi pembeni, na una unga wa njano ndani yake unaowasha macho. Michirizi ile pia inavuruga mstari. Nikitaka mstari mweusi ulionyooka, mjohoro unanipa mstari uliochafuka.

MCHONGAJI: Unakupa mti. Ndilo jambo ninalokuambia tangu mwanzo. Michirizi si uchafu, ni miaka ya mvua na miaka ya njaa. Fundi anayetaka mbao isiyo na neno lolote, akatumie plastiki.

MSUSI WA MASONZO: Katika masonzo, nyasi nyeusi haziwi nyeusi sawasawa. Nyingine zimekolea, nyingine zimepauka. Pambo linasomeka vilevile.

MKEREZAJI: Sawa. Tuseme nimekubali. Weusi utoke kwenye mjohoro wa kupandwa, weupe kwenye msonobari wa mashamba ya Chato na Biharamulo, wekundu na ukahawia kwenye mwembe uliozeeka na mwarobaini. Mninga nibakie na ule tu ambao seremala ananionyesha hati yake. Mpingo niuache. Baba, utanipa nini wewe? Maana kila mtu hapa amenitoza, na hakuna aliyeahidi kitu.

MLINZI WA NGITILI: Katika ngitili kuna miti inayoanguka yenyewe, kuna matawi tunayopunguza ili shina linenepe. Mpingo mkavu uliokwisha kufa upo. Dagashida inaweza kukuuzia huo, kwa uzito, mbele ya watu, ukiandikwa kwenye daftari la kijiji. Utalipa kijiji, hutanilipa mimi. Na siku mti mmoja mbichi ukikutwa umekatwa kwa ukubwa wa vipande vyako, mlango unafungwa kwako kwanza, hata kama si wewe uliyekata.

MKEREZAJI: Hata kama si mimi? Nihukumiwe kwa kosa la mwingine?

MLINZI WA NGITILI: Wewe ndiye uliyeleta bei. Aliyeleta bei anakaa zamu ya usiku pamoja na sungusungu, ajue kiroba kinapita wapi. Hutaki?

MKEREZAJI: Sijasema sitaki. Nauliza kama mwenye karasha naye anakaa zamu. Kama mwenye duara anakaa zamu kwa matimba yake. Kama mnunuzi wa mkaa wa Kahama mjini amewahi kuitwa mbele ya dagashida. Mkianza na mimi kwa sababu mimi nimekuja kuuliza, kesho hakuna fundi atakayekuja kuuliza. Atanunua rundo la seremala usiku, kimya kimya, na daftari lenu litabaki jeupe.

MCHONGAJI: Hilo amesema kweli.

MLINZI WA NGITILI: Amesema kweli. Mwenye duara tulimwita, hakuja. Wewe umekuja, kwa hiyo masharti yameanza kwako, nami nayashikilia. Lete hesabu ya vipande vyote vilivyoko karakanani sasa hivi, mninga pembeni na mpingo pembeni, na jina la kila seremala aliyekuuzia. Ukishaileta, tutamfuata mwenye duara tukiwa wawili.

MSUSI WA MASONZO: Watatu. Na deni la mapambo mnaliandika ukurasa upi wa daftari hilo?